Sinia la Aliye Mbali

Juzi pale stesheni kijana mmoja aliyevaa tai alinishikia mfuko wangu wa viazi nilipokuwa napanda ngazi. Nikamshukuru. Akanitumbulia macho, akasema, "Lo, bibi! Kijapani chako kizuri kweli. Umeishi hapa muda mrefu?"

"Tangu nilipotoka tumboni mwa mama yangu," nikamjibu. "Meno yangu ya utotoni yako juu ya paa la nyumba ile pale. Panda ukayaokote kama huniamini."

Akacheka, akidhani natania. Mimi nilikuwa na hasira za kuweza kumrushia kiazi. Nimezaliwa hapahapa Japani, mjini Kano, nimekulia Kano, nimezeekea Kano, na mpaka leo haupiti mwaka bila mtu kunipongeza kwa kuongea lugha ya bibi yangu. Nilifika nyumbani nimefura, nikabandika chai, nikakaa. Hasira zilipoanza kushuka nikamkumbuka Bibi, maana hasira hizi nimezirithi kwake. Watu hudhani zilitoka Marekani pamoja na nywele.

Bibi yangu aliitwa Tome. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mdomo mkali, na kazi yake ilikuwa kubandika karatasi kwenye miavuli. Mtaa wetu mzima ulikuwa wa miavuli. Nyumba hii walichonga mbavu za mianzi, nyumba ile walizifunga kwa uzi, sisi tulibandika karatasi, na wa mwisho walipaka mafuta na kuianika uwanjani kando ya mto. Ukiniuliza utoto wangu ulinukaje, nitakwambia ulinuka mafuta ya mwavuli.

Mama alipokwisha kufa, nyumbani tuliishi watu wawili, Bibi na mimi. Lakini saa ya kula tulikuwa watatu. Kaka yake mama, Mjomba Eizo, alipelekwa vitani Manchuria kabla mimi sijazaliwa. Vita vilipokwisha hakurudi, wala haikuja habari kwamba amekufa. Basi kila asubuhi Bibi alimwandalia mlo wake. Mjomba alikuwa na sinia lake dogo jeusi lenye miguu, bakuli lake la wali, bakuli lake la supu lenye mfuniko, kipande cha figili ya chumvi, na vijiti vyake vya kulia vimelazwa mbele. Wakati wa vita kila nyumba iliyokuwa na mtu mbali ilifanya hivyo, ili huko aliko asishinde na njaa. Wengine waliacha. Bibi hakuacha.

Kabla hajagusa chakula chake, Bibi alifunua supu ya Mjomba, akaugeuza mfuniko, akautazama kwa ndani. Ukiwa na matone ya maji, basi mwenyewe yu hai.

"Eizo yupo," alisema. Ndipo tukala.

Sasa mimi, kabla hata ya kuanza shule, nilikwisha kung'amua kwamba supu ya moto ukiifunika lazima itoe jasho. Siku moja nikamwambia, "Bibi, hata ukimfunikia paka itatoa matone." Nilichapwa mapajani kwa ubavu wa mwavuli, na mchana nikanyimwa ule mlo. Kwa kawaida ulikuwa wangu. Ulipopoa, Bibi alinisogezea na kusema, "Mjomba ameshiba, malizia." Kwa hiyo nimekuzwa na chakula cha mtu ambaye sijapata kumwona.

Baba yangu yeye hakuwa na sinia. Alikuwa askari wa Kimarekani, mtu mweusi, wa ile kambi iliyokuwa nje ya mji. Walimpeleka vitani Korea kabla sijajua kutembea. Aliondoka akisema atarudi, na Mama akamngoja mpaka siku anaingia kaburini. Mama ndiye aliyenitajia jina lake, Klarensi, akininong'oneza sikioni ili Bibi asisikie. Bibi mwenyewe hakulitaja hata mara moja. Kwake yeye baba yangu alikuwa "yule".

Na si kwamba simwelewi. Mwanawe wa kiume alikwenda kupigana vita, mwanawe wa kike akazaa na askari wa upande wa pili, na majirani wakasimama milangoni kutazama tumbo linavyokua. Bibi alimeza yote hayo. Mimi alinipenda, hilo halina ubishi, ila hakuwa mtu wa kukwambia. Alikuwa mtu wa kukukwangua masikio kwa taulo la moto mpaka unalia.

Mama alikufa kwa kifua, katika vuli ya mwaka ule kabla sijaanza shule. Walimlaza kwenye godoro, kitambaa cheupe usoni, na upande wa kichwani pake Bibi akaweka bakuli la Mama mwenyewe, limejazwa wali ukapanda juu. Wali mweupe mtupu, bila hata punje ya ile shayiri tuliyochanganya kila siku. Katikati yake akasimamisha vijiti vya Mama, wima. Kila aliyeingia aliinama mbele ya ule mlo mpaka paji la uso likagusa mkeka. Jeneza lilipotolewa, jirani yetu Bi Nobu alilichukua lile bakuli akalipasua mlangoni. Ndivyo inavyofanywa, ili marehemu asije akarudi kulitafuta. Nililililia lile bakuli kuliko nilivyomlilia Mama. Nilikuwa na miaka sita, na bakuli ndilo nililolielewa.

Huyu Bi Nobu alikuwa mnene, mchangamfu, fundi wa kufunga mbavu kwa uzi, na mdomo wake haukujua likizo. Roho yake haikuwa mbaya. Siku moja ya baridi alikuja kuleta mbavu mpya, akakaa karibu na jiko la makaa, akajipasha mikono. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la miavuli, napangusa gundi.

"Tome, huyu mtoto utamlea mpaka lini?" akauliza.

"Hayakuhusu."

"Yananihusu, tumepakana ukuta! Mwezi wa nne anaingia shule. Unawajua watoto. Unawajua na mama zao, ndio wabaya zaidi. Leo wanamwita masizi, kesho watamtupia mawe."

"Walishamtupia," Bibi akasema.

Kweli walishanitupia. Ilikuwa njia ya kwenda kuchota mafuta. Kijana mmoja aliniuliza kwa sauti, "We masizi, mvua ikikunyeshea unachuja rangi?" Nikamwambia, "Njoo nikukumbatie uone." Wakacheka, halafu likaja jiwe. Bibi aliniosha kichwa bila kuuliza ni nani. Kesho yake mama wa yule kijana aliikuta miavuli yake yote aliyoianika imelala kifudifudi kwenye matope, na hakuna aliyejua nani kafanya. Lakini Bibi siku hiyo aliimba akibandika karatasi, na Bibi hakuwa mwimbaji.

"Basi sikiliza," Bi Nobu akaendelea. "Kule pwani kuna nyumba ya watoto kama yeye. Wanawalea, wanawatafutia wazazi Marekani. Weusi wenzake! Hakuna atakayemshangaa. Atakuwa na mama, atakuwa na baba, atakuwa na gari."

"Gari la nini, mtoto wa miaka sita?"

"Nasema tu. Na hicho kikohozi chako? Ukianguka kesho atachukuliwa na nani? Nimchukue mimi? Ebo! Mume wangu atanifukuza na huyo mtoto pamoja."

Nilingoja Bibi amtukane. Alikuwa na matusi ya akiba, nilikuwa nimeyasikia. Nikasikia brashi tu ikipita juu ya karatasi, inakwenda, inarudi. Kisha akakohoa, akakohoa sana, na alipomaliza akasema, "Mwambie mama wa hiyo nyumba ya watoto aje."

Nilikaa palepale nyuma ya miavuli.

Jioni Bibi alikuwa anaosha brashi zake uani. Nikamwendea. "Bibi, nikienda, utalivunja bakuli langu?"

"Nani kakwambia unakwenda?"

"Bi Nobu ana sauti kubwa."

"Bi Nobu ana sauti ya punda," akasema. Akaendelea kuosha. Nililingoja jibu la bakuli mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, halikuja. Bakuli langu lilikuwa na sungura mwekundu, Mama alininunulia kwenye sikukuu ya hekalu. Nikaingia ndani nikalikagua. Lilikuwa zima.

Basi nikaanza kufikiri, na niliyofikiri yalikuwa haya. Nikipata baba, hawatanipeleka kutafutiwa baba. Baba ninaye. Tatizo yuko mbali, na aliye mbali huandaliwa mlo ili awe hai na arudi. Ila mlo wa Mjomba Eizo, pamoja na matone yake yote, haujamrudisha miaka yote hiyo. Mlo ule hauna nguvu. Mlo wenye nguvu nilikuwa nimeuona mara moja tu maishani mwangu, wali mweupe umepanda juu, vijiti wima, na watu wazima wanauinamia mpaka chini. Yule aliyependwa kweli huandaliwa hivyo. Ndivyo nilivyoamini.

Asubuhi moja Bibi alipopeleka miavuli kwa wapaka mafuta, niliingia kazini. Bakuli la baba halikuwepo, nikachukua langu la sungura. Nikakomba sufuria yote, wali wa siku nzima, nikachambua shayiri punje kwa punje na kuila, mpaka ukabaki mweupe. Nikaujaza, nikaushindilia, ukapanda. Nikauweka juu ya boksi la gundi, upande wa magharibi, kwa sababu Korea iko magharibi. Nikachukua vijiti vyangu nikavisimamisha katikati. Nikainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Baba," nikasema, "kula, kisha urudi haraka. Wanataka kunipeleka."

Mlango ukasogezwa. Bibi alikuwa amerudi. Alisimama, akatazama, halafu akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Akapanda juu ya mkeka na mitalawanda yake miguuni. Bibi Tome, aliyekuwa akinichapa nikikanyaga mkeka kwa unyayo wenye vumbi, alipita na mbao za matope juu ya mkeka safi, akavichomoa vile vijiti, akanipiga kofi mkononi.

"Unataka kumuua?" akapiga kelele. "Unataka kumuua baba yako?"

"Nataka arudi!"

"Vijiti vya kusimama ni vya maiti! Vya maiti, mtoto we! Aliye hai unamlazia. Unamlazia hivi, hivi, ili avichukue mwenyewe ale!" Akavilaza mbele ya bakuli. Vilimponyoka, akaviokota, akavilaza tena. "Na bakuli lako mwenyewe! Mungu wangu. Umechukua na bakuli lako mwenyewe."

Mimi nililia kwa ile fedheha, nililia kwa hofu kwamba nimeshamuua. "Amekufa? Bibi, baba amekufa sasa?"

"Hajafa."

"Umejuaje?"

Bibi alitazama miguu yake, akaiona mitalawanda juu ya mkeka, na matope. Akakaa chini kwa kishindo, papo hapo katikati ya uchafu. Akalichukua bakuli la supu la Mjomba Eizo lililokuwa halijaguswa tangu asubuhi, akafunua mfuniko, akautazama, akanigeuzia nione matone.

"Hilo ni la Mjomba," nikasema.

"Leo wanakula pamoja," Bibi akasema. "Nyamaza sasa. Futa kamasi."

Nikafuta. Akanivuta akanikalisha mapajani pake, na mimi nilikuwa mkubwa, miguu ilifika chini. Akaanza kuniambia habari ambazo hakuwahi kuniambia. Kwamba siku moja ya kiangazi miavuli yote ya mtaa ilikuwa imeanikwa uwanjani, mafuta bado mabichi, na mvua ikaja ghafla. Mafuta mabichi yakinyeshewa, karatasi inaharibika, kazi ya mwezi inakwisha. Wanawake wakatoka mbio. Na yule, alikuwa amekuja kumwona Mama, amevaa sare yake imenyooshwa, akatupa kofia chini akakimbia nao.

"Mrefu!" Bibi akasema. "Alibeba miavuli mikono miwili, mwingine kaushika kwa meno. Nikamwambia usiishike kwa juu, inachanika, yeye haelewi neno. Alinivunjia mitatu, mpumbavu yule. Mingine yote aliiokoa. Akaja akasimama mlangoni hapo, sare imeloa mafuta, ananuka, anapiga chafya. Hakuingia. Alivua viatu kwanza, akavipanga vizuri, akangoja aambiwe."

"Ukamwambia aingie?"

"Mama yako alimwambia," akasema. "Mimi nilikuwa na hasira ya ile mitatu."

Nikamuuliza kama baba anafanana na mimi. Akanitazama uso wote, polepole, kama anatafuta pa kuanzia. "Chafya zenu ni moja," akasema.

Kesho yake asubuhi palikuwa na masinia mawili. La pili halikuwa sinia, ni mfuniko wa boksi la gundi, lakini Bibi alikuwa ameupangusa ukang'aa. Wali, figili, supu iliyofunikwa kwa kisahani, vijiti vimelazwa. Akafunua ya kwanza, akatazama.

"Eizo yupo."

Akafunua ya pili. Akatazama kwa muda.

"Na yule naye yupo," akasema. Tukala. Mimi nilikula nikiwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Bibi hakutaka baba yangu afe. Yote aliyoyasema miaka yote, na hakutaka afe.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Hayakuisha. Mama wa ile nyumba ya watoto alikuja, jina lake Bi Sonoda, mwanamke mpole wa miwani na koti la kijivu, akanipa peremende, akanipima urefu kwa macho. Akamwambia Bibi kuna mume na mke huko Marekani, hawana mtoto, wanasali kanisani kila wiki wapate binti. Bibi alisikiliza. Akauliza swali moja tu.

"Huko asubuhi wanakunywa supu?"

"Wanakula mkate na mayai, nadhani."

"Asubuhi? Mkavu hivyo?"

"Na maziwa."

Bibi akatikisa kichwa akiwahurumia Wamarekani wote. Lakini safari yangu ikapangwa mwisho wa mwezi wa tatu. Nilipomuuliza kwa nini, na nilimuuliza kila siku, alinijibu jibu lilelile: "Nikifa utabaki na nani?" Usiku alikohoa, asubuhi alinishonea gauni. Nami kila asubuhi niliinama mbele ya mfuniko wa boksi na kumwambia baba afanye haraka.

Baba hakufanya haraka. Ikafika siku yenyewe.

Niliamka nikavikwa gauni la bluu na soksi mpya. Bibi alikuwa amewahi kupika, nyumba ilinukia wali mweupe, bila shayiri. Nikaenda kukaa mahali pangu kwenye meza ndogo. Palikuwa patupu. Vijiti hakuna, bakuli hakuna. Nikajua amekwisha kulivunja. Nilitazama kizingitini kama kuna vigae, havikuwepo.

Ndipo nikamwona Bibi. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, amenipa mgongo, na mbele yake palikuwa na masinia matatu. La Mjomba Eizo. La baba. Na la tatu, mfuniko wa boksi jingine, juu yake bakuli langu la sungura limejaa wali, supu imefunikwa, vijiti vyangu vifupi vimelazwa vizuri. Bibi alikuwa anajizoeza. Nilikuwa bado sijatoka nyumbani, na yeye anajizoeza mlo wa kesho.

Akafunua ya kwanza. "Eizo yupo." Akafunua ya pili. "Na yule yupo." Akafunua ya tatu, akaugeuza mfuniko, matone yakamdondokea mapajani. "Mitsuyo," akalitaja jina langu, na neno la pili likakataa. Akajaribu tena. "Mitsuyo..."

Hapo ndipo hasira zilipopanda, zile zile zake, nzima nzima. Nilivuka mkeka, nikapita mbele yake, nikalinyakua bakuli langu.

"Haya ni masinia ya watu wasiokuwepo!" nikamwambia. "Mimi nipo! Nipo hapa! Nitazame!" Nikachukua vijiti nikaanza kula, nimesimama, nalia, wali unanitoka mdomoni na kuangukia gauni jipya. "Nisipokuwepo ndiyo uniwekee! Sasa hivi nipo, na nina njaa!"

Bibi alibaki ameshika mfuniko. Alinitazama nikitafuna. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuwa na habari nao.

"Kaa chini," akasema mwishowe. "Mtu hali chakula amesimama."

Nikakaa. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria, akaniongezea supu ya moto. Tena akaniongezea. Figili yake akanipa mimi.

Bi Sonoda na Bi Nobu walifika wakati nakomba bakuli. Bi Nobu alikuwa amevaa kimono chake cha sherehe. Bibi akaenda mlangoni, akapiga magoti, akainama mpaka chini.

"Nisamehe, mama," akamwambia Bi Sonoda. "Nimekusumbua safari nzima bure."

"Kuna nini? Mtoto anaumwa?"

"Mtoto anakula."

"Haina shida, tutangoja amalize."

"Hatamaliza leo," Bibi akasema. "Huyu anakula sana. Atamaliza siku nitakapokufa mimi."

"Tome!" Bi Nobu akaruka. "Umerukwa na akili? Tumekubaliana! Na shule je? Na kikohozi?"

"Kikohozi ni changu, nitakohoa nitakavyo. Na wewe Nobu, ingia unywe supu, la sivyo peleka umbea wako nyumba nyingine, hapa unatuingizia baridi."

Bi Sonoda alichungulia akaniona, punje za wali mashavuni, bakuli nimelikumbatia kwa mikono miwili. Nilimtazama jicho kavu, tayari kuuma. Akavua miwani akaifuta. Kisha akainama naye, chini kabisa, kama Bibi alivyoinama, akaondoka. Bi Nobu aliingia akanywa supu. Alilalamika kwamba ina chumvi, akanywa bakuli la pili.

Nilianza shule mwezi wa nne. Sitakudanganya kwamba palikuwa peponi. Waliniita kila kitu, na mawe yalikuwepo, na mwalimu mmoja aliniketisha nyuma ili nisionekane kwenye picha. Bibi alikuja kunichukua kila mchana na mwavuli, hata jua likiwaka, na mwavuli ule haukuwa wa mvua. Na kila asubuhi, kikohozi na yote, aliishi akifunua mifuniko. Hata alijifunza kutamka jina, kwa shida, akilikanyaga kanyaga njiani.

"Eizo yupo. Klarensi yupo." Halafu alinigeukia. "Na wewe upo. Kula."

Mjomba Eizo hakurudi. Baba yangu hakurudi. Masinia yao bado nayaandaa, na kwa hesabu za kawaida wote wawili wamepita umri wa mtu, lakini supu zao bado zinatoa jasho, na mimi si mtu wa kubishana na supu.

Bibi alingoja mpaka nikawa mwanamke mzima mwenye kazi, nabandika karatasi vizuri kuliko yeye, ndipo akafa, majira ya mvua, mikono yake ikinuka gundi. Tulimlaza, tukamfunika uso. Nilipika wali mweupe mtupu, nikaujaza katika bakuli lake, nikaushindilia, ukapanda juu. Bi Nobu alikuwa kando yangu, mzee sana, analia kwa sauti ileile ya punda. Nikachukua vijiti vya Bibi, nikavisimamisha katikati ya wali, wima. Kisha mkono wangu ukabaki pale pale juu ya bakuli, unangoja kupigwa kofi. Niliuacha hapo kwa muda mrefu, na hakuna aliyeupiga.